Anwani ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Siku Chupa alipoondoka, maneno ya mwisho aliyoambiwa na Fundi yalihusu geti.

"Urudishie vizuri," alimwambia. "Komeo lina kutu."

Hakuwa na nia ya kumfukuza. Alikuwa anatafuta neno, lolote lile, la kumfanya asimame pale mlangoni japo kidogo, na katika maneno yote ambayo mtu anaweza kumwambia anayempenda, ulimi wake ukaangukia komeo. Chupa akarudishia geti vizuri, kama alivyoagizwa, akaenda zake na fremu ya baiskeli begani kama mtu aliyebeba ngazi. Magurudumu aliyaacha ukutani. Ikapita miezi minne.

Watu wa mbio ndio waliomwita Chupa, na jina lilitokana na kazi yake. Kwenye timu ya baiskeli si kila mtu hukimbilia ushindi. Yupo nahodha mmoja anayetazamiwa kushinda, wapo wanaomkinga na upepo, na yupo anayerudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anazisokomeza chupa za maji mgongoni ndani ya jezi mpaka anavimba kama kobe, kisha anapanda mlima na uzito huo kuwapelekea wenzake. Miaka sita alifanya hivyo wala hakulalamika. Siku ya ajali alikuwa na chupa nane mgongoni, kwenye mteremko uliolowa mvua, gurudumu lake likagusa la mwenzake. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ulivunjika mahali pawili. Wiki tatu baadaye timu ikamwandikia barua ya mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa wa shukrani.

Barua ile aliileta nyumbani kwa kina Fundi mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni. Huko ndiko alikokuwa akianzia mazoezi kila alfajiri kwa miaka miwili, na huko ndiko yalikosukwa magurudumu yake. Fundi, binti wa nyumba hiyo, alikuwa na karakana uani. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na ufunguo wa spoki wenye mpini uliolika upande mmoja kwa kidole gumba cha marehemu. Alikaza spoki huku akizigonga kwa ukucha na kusikiliza, kama wanavyofanya wapiga gitaa, na gurudumu lililotoka mikononi mwake lilizunguka bila kuyumba hata unywele.

Mama yake Fundi aliisoma barua yote mara mbili. Alikuwa dobi, chumba cha mbele kilichotazama barabara kilikuwa chake, na alikuwa na desturi ya kusema jambo zito huku mkono wake ukinyoosha kitu. Siku hiyo alinyoosha kitambaa cha meza.

"Kijana, sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila mimi niliolewa na mtu wa barabara, fundi wa kufuata mbio mji kwa mji, kwa miaka ishirini na moja. Alikufa nyumba ya wageni katika mji ambao mimi sikujua kuwa yumo. Siku mbili nzima nilimtafuta mji mwingine. Siwezi kumkabidhi mwanangu kwa mtu ambaye sijui leo atalala wapi."

Baada ya hapo palikuwa na nafasi ya mtu kusema neno, na mtu huyo alikuwa Fundi. Chupa alimtazama. Alimtazama kwa muda ambao Fundi angeweza kuupima kwa spoki tatu, na Fundi akainamisha macho, kwa sababu mama yake alikuwa anatetemeka midomo na hakutaka kumchoma kidonda kilekile. Kumbe Chupa alikuwa na kidonda chake. Aliuona ule ukimya kama jibu. Alitoka uani akafungua magurudumu yote mawili kwa mkono mmoja, akayaegemeza ukutani na kusema kwamba hayo ni ya mtu mwenye timu. Kisha likaja lile la geti.

Siku ya tatu bila simu, Fundi alimfungia namba. Aliwaambia watu ni hasira. Ukweli ni kwamba alikuwa akiitazama simu kila baada ya spoki moja, na wiki hiyo alikaza gurudumu la mteja mpaka likapasuka ukingo.

*

Mgeni alibisha geti saa kumi na mbili kamili asubuhi. Alikuwa mwanamume wa makamo, viatu safi, begi la mraba mkononi na kadi iliyoning'inia kifuani. Mama alikuwa macho tayari, pasi imeshapata moto. Fundi aliyelala chumba cha nyuma aliamshwa na sauti, akatoka na kanga, akamkuta mgeni ameketi kwenye kiti cha wateja, begi magotini, naye Mama amesimama mbele yake amejishika kiuno.

"Anamtaka Chupa," Mama alisema.

Fundi alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akasema Chupa haishi pale. Mgeni akaeleza taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza jambo lilelile katika sebule nyingi. Alikuwa mpimaji wa dawa za kuongeza nguvu michezoni. Waendeshaji wa kiwango cha Chupa huandika fomu kila baada ya miezi mitatu, siku kwa siku, kutaja mahali watakapopatikana kwa saa moja bila kukosa. Mpimaji huja bila taarifa, siku yoyote. Akimkosa mtu katika saa yake mwenyewe, anaandika kwamba amekosekana. Chupa alikuwa ameandika nyumba hii, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi.

"Hiyo ni fomu ya zamani," Fundi alisema.

Mgeni akaitazama karatasi yake. "Hapana, dada. Ya zamani imeisha. Hii ameijaza mwenyewe wiki tatu zilizopita."

Mama alienda dirishani, akatazama ng'ambo ya barabara, pale palipokuwa na ngazi za duka la rangi ambalo halijafunguliwa. Akarudi. Akauliza kipimo chenyewe ni cha nini, akaambiwa ni mkojo.

"Umetoka kwako usiku wote huu kuja kutafuta mkojo wa mtoto wa watu?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Basi kazi ni nyingi duniani." Akamwekea chai. "Kunywa. Atakuja."

Alilisema kwa uhakika uliomshangaza Fundi, lakini hakupata nafasi ya kuuliza. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani, dakika kumi na moja zimekwisha kwenda. Akamuuliza mgeni kama anaweza kumpigia simu mtu wake. Akajibiwa kwamba mpimaji haruhusiwi, yeye sheria yake ni kubisha na kusubiri.

"Na mimi?"

Mgeni akafungua begi, akatoa kalamu, akainama. "Sheria za watu wengine mimi sizijui, dada. Najaza karatasi."

Fundi alikwenda uani. Kuifungua namba ile kulihitaji kugusa mara mbili tu, miezi minne yote ikafunguka kwa kidole kimoja. Simu haikuita hata mara ya pili.

"Uko wapi?"

Alisikia pumzi kwanza. "Barabara kuu, juu ya ghala la saruji. Natembea."

"Kuna mtu hapa kaja na begi."

Pumzi ikasimama. "Kaingia saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili."

"Gurudumu la mbele limekufa, Fundi. Nimeingia shimo gizani, limejikunja kama sahani ya bati. Malori nimeyapungia, nani atamsimamia mtu aliyevaa kaptura ya kubana saa hizi." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Mara ya kwanza walinikosa nikiwa hospitali nafungwa chuma, hakuna aliyekumbuka fomu. Ya pili, pale nilipopanga kengele ilikuwa mbovu. Ya tatu ndani ya mwaka mmoja ni kufungiwa. Na kuna timu imenichukua, ndogo tu, wamenipa msimu mmoja. Basi. Mwambie yule bwana nimeshukuru, asijisumbue kusubiri."

Kutoka pale hadi ghala la saruji ni kilomita tisa. Jirani mwenye gari alikuwa ameshaondoka tangu saa kumi na moja. Fundi hakuuliza kwa nini mtu anayeishi mbali huko aandike nyumba yao, wala alikuwa anakwenda wapi gizani na gurudumu bovu. Alikuwa anatazama ukutani. Yale magurudumu mawili yalikuwa pale, kwenye ndoano. Kila Jumamosi aliyafuta vumbi, akijiambia kwamba chombo kizuri hakistahili kuonewa kwa makosa ya mwenyewe.

"Usiache barabara kuu," alisema. "Nakuja."

*

Baiskeli ya marehemu ilikuwa nzito, yenye kiti kipana na kengele iliyolia yenyewe kila inapopita kwenye jiwe. Fundi alijifunga gurudumu la mbele mgongoni kwa mkanda wa mizigo, akaingiza kanga ndani ya suruali ya kazi na kuondoka. Saa ya ukutani alipoiacha ilisema kumi na mbili na dakika kumi na nane.

Alikuwa anajua hesabu za watu wengine. Maisha yake yote alikuwa amesikia habari za mapigo ya moyo, pumzi, kilomita kwa saa, akasuka magurudumu ya watu hao, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga pedali kwa kukimbizana na kitu. Kilomita ya tatu mapaja yalianza kuwaka. Ya tano alionja chuma mdomoni. Ndipo alipoelewa, kwa mwili na si kwa maneno, kile alichokuwa akimwona Chupa anakileta nyumbani kila asubuhi usoni mwake, na kwamba alikuwa akikileta kwao badala ya kukipeleka kwingine. Kengele ya baba yake ililia njia nzima, ni kama mzee mwenyewe alikuwa akipigia watu waondoke barabarani.

Alimwona Chupa kwa mbali, upande wa pili wa bonde. Alikuwa amevua viatu, anakimbia na soksi, baiskeli begani, kwenye bega lile lisiloumia. Waendeshaji baiskeli hawajui kukimbia. Alikuwa anarusha miguu kama mtu anayeua wadudu.

Hawakusalimiana. Chupa alishusha baiskeli akaishika ikiwa wima, Fundi akapiga goti kwenye kokoto, akafungua mkono wa kukazia, akatupa lile gurudumu lililopinda majanini, akatia lake. Kwa uchovu uma wa mbele ukamponyoka. Chupa akashusha mkono mmoja akaushika wa kwake juu ya ekseli, wakaliingiza pamoja. Mikono yote miwili ilikuwa na grisi, na hakuna aliyeuondoa wa kwake haraka kama ilivyopaswa. Fundi aliinua uso. Chupa alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, na chini ya jezi mfupa wa bega ulikuwa umeacha nundu ndogo ambayo yeye hakuwahi kuiona. Macho yalikuwa yaleyale. Yalikuwa yanamuuliza swali lilelile la siku ile mezani.

Alilizungusha gurudumu mara moja. Halikugusa breki.

"Fundi, nilitaka nikuambie..."

"Utaniambia ukiwa umewahi. Nenda."

Akapanda. Alipokuwa anaondoka Fundi alipaza sauti, iliyobaki, akamwambia geti liko wazi.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na moja kufika saa moja.

*

Kurudi, Fundi alirudi polepole, na gurudumu bovu mgongoni badala ya zuri. Njiani alisimama, akalishusha, akazigonga spoki zake kwa ukucha. Lilisukwa kwa mashine, nusu zimelegea, nusu zimekaza kupita kiasi. Alilichukia kwa moyo wote, afadhali awe na kitu cha kuchukia. Mwanamume wa maana alikuwa akipanda milima juu ya takataka ile, na yeye akiwa na magurudumu mazuri ukutani. Alimkumbuka baba yake aliyesema gurudumu haliui mtu, kinachoua ni spoki moja iliyolegea ambayo kila mtu ameisikia na hakuna aliyesema.

Alipofika ilikuwa saa moja na robo. Geti lilikuwa wazi. Baiskeli ya Chupa ilikuwa imelala chini katikati ya uwanja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja, gurudumu la mbele bado linazunguka kidogo kwa upepo. Fundi alisimama, hakutaka kuingia. Ikiwa ni habari mbaya, iwe mbaya dakika moja baadaye.

"Ingia," Mama alisema kutoka ndani. "Dakika tano kabla. Nimeitazama mimi mwenyewe."

Akakaa palepale kizingitini.

Lakini mambo yalikuwa hayajaisha. Chupa alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, jasho linamchuruzika, glasi ya maji mkononi. Mgeni alikuwa amekaa mbele yake, magoti kwa magoti karibu, hamwachi kwa jicho. Sahihi ya kuwahi ilikuwa imetiwa. Kilichobaki ni ule mzigo wenyewe, nao ulikuwa hautoki. Mtu aliyetoka jasho kwa saa nzima na moyo umemkaa kooni, mkojo ataupata wapi? Walikuwa wameshakwenda chooni mara moja, wawili hao, wakarudi mikono mitupu.

Fundi aliomba amwone Chupa uani kwa dakika mbili. Mgeni alisikitika kwa dhati. Mpaka sampuli ifungwe, mwanamichezo haruhusiwi kutoka machoni pake. Wanaweza kuongea, akasema, yeye hasikilizi. Akainamia karatasi zake na kuanza kusoma ukurasa ambao kila mtu aliona hauna kitu.

Basi yale ambayo yangesemwa uani, chini ya ukuta wa karakana, yakasemwa sebuleni kwa dobi, mbele ya mpimaji mmoja, Mama mmoja na mashati kumi na nne ya watu yaliyotundikwa.

"Kwa nini uliandika hapa?" Fundi aliuliza.

Chupa aliizungusha glasi. "Fomu inauliza swali moja. Kila siku, saa hiyo, ni wapi ambapo hutakosekana. Nilikaa na kalamu. Kule nilikopanga sikuwa na uhakika hata kama nitaamka. Nikaandika hapa."

"Lakini hukuwa hapa."

"Nilikuwa." Alitazama dirishani. "Pale kwenye ngazi za duka la rangi. Saa kumi na moja natoka kwangu, kumi na mbili nimekaa. Saa moja ikifika nainuka naenda mazoezi. Wewe huwa bado umelala. Wiki tatu sasa. Leo tu ndiyo nimechelewa."

Fundi alitafuta pa kuweka macho. "Na ungekaa mpaka lini?"

"Fomu ni ya miezi mitatu."

Mgeni alikohoa kidogo, akafunua ukurasa.

"Siku ile mezani," Fundi alisema, kisha akaanza upya. "Siku ile nilipaswa kusema neno. Nilimwonea Mama huruma, wewe nikakusahau. Sikukubaliana naye. Nilinyamaza tu."

"Nilidhani ni kwa sababu sina timu."

"Mimi nasuka magurudumu, sisuki timu. Ungerudi na baiskeli ya miguu mitatu ningekusukia yote matatu."

Chupa alicheka, kicheko halisi, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba chooni. Mgeni akainuka naye. Wakakaa huko muda mrefu wakarudi, Chupa amekunja uso kwa aibu, kwa kuwa, alisema, ni vigumu mtu kukusimamia anakutazama.

"Mficha uchi hazai," Mama alisema bila kuinua pasi. "Kunywa maji, baba. Miaka sita umewabebea wenzako chupa, leo na wewe ubebewe." Akamjazia glasi. Mgeni akamwonya kwamba maji yakizidi, sampuli inakuwa nyepesi na wataanza upya. Mama akarudisha nusu kwenye jagi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. Wote watatu walilisikia, na hata wa nne, ingawa alikuwa hasikilizi.

Mama akaendelea kupiga pasi ukosi wa shati. Alipolisema lile jambo lake zito, alimwelekezea yule mgeni.

"Hebu niambie. Hiyo karatasi, anaandika kila siku atakapokuwa?"

"Kila siku, mama. Pa kulala pia, siku zote mia tatu sitini na tano. Hata akisafiri na timu."

"Na akibadilisha?"

"Analazimika kutoa taarifa kabla."

"Na akidanganya?"

"Anapoteza kazi."

Pasi ilisimama juu ya ukosi mpaka Fundi akaogopa kwamba shati litaungua. Mama akaiinua.

"Laiti marehemu angekuwa na karatasi kama hiyo," alisema. "Nisingepeleka watu mji mwingine. Ningemkuta angali na joto." Alitundika shati, akachukua jingine. "Kijana, mimi sikukuchukia. Nilichukia kutojua. Wiki tatu nimefungua dirisha hili nakuona pale ng'ambo umejikunyata kama paka wa mvua. Nikawa nasema, leo atachoka. Hukuchoka. Ikawa nikiamka, kabla sijanawa uso, natazama kama upo. Leo sikukuona. Nikafungua geti kabla huyu bwana hajabisha, nitazame barabara, moyo unanienda mbio kama zamani. Ndipo nikajua nimeshaingia mtegoni."

"Na hukuniambia," Fundi alisema.

"Na wewe hukuniambia kwamba unayafuta yale magurudumu kila Jumamosi. Nyumba hii kila mtu ana jambo lake la kunyamazia."

Chupa aliweka glasi chini. Alionekana kama mtu anayetaka kupiga goti, au kusema kitu kikubwa. Badala yake alisimama ghafla, macho yamemtoka.

"Bwana," alimwambia mpimaji. "Twende. Twende sasa hivi."

Waliobaki walisimama sebuleni bila kupumua, mama na mwana, wakisikiliza mlango wa choo kama watu wanaongoja kusomewa matokeo ya mtihani. Maji yalivutwa. Mgeni akatoka kwanza, na uso wake, ambao asubuhi nzima ulikuwa wa serikali, ulikuwa na tabasamu.

"Imetosha," alisema.

Mama alikaa kwenye rundo la nguo za watu. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati la mteja, akalazimika kulifua upya. Sampuli ikagawanywa kwenye chupa mbili za kioo, ikafungwa, namba zikasomwa kwa sauti, sahihi zikatiwa. Mgeni alishukuru kwa chai. Pale getini alimgeukia Fundi, akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo amefukuzwa na mbwa na kumwagiwa maji machafu, ila kungojewa hivi hajawahi.

Mama akaingia chumbani akarudi na jezi chini ya nailoni. Ilikuwa ile aliyoivaa Chupa siku ya ajali, iliyosahaulika kwenye kikapu, iliyopasuka begani. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa rangi yake hasa na kunyooshwa hadi kwenye mifuko ile mitatu ya mgongoni inayobeba chupa. Kwenye kitambulisho cha dobi kilichopachikwa ukosini palikuwa na tarehe ya kupokelewa, miezi minne nyuma. Mahali pa jina la mteja palikuwa patupu.

"Sikujua niandike nani," Mama alisema. "Vaa. Hiyo uliyonayo inanuka."

Alitoka uani kuanika, akakaa huko muda mrefu kuliko kuanika kunavyohitaji. Chupa na Fundi wakabaki, na sasa hakuna aliyewatazama, na kwa sababu hiyo hawakujua la kufanya. Fundi alinyoosha kidole akagusa ile nundu ya bega juu ya jezi, akauliza kama bado inauma. Chupa akasema ikipigwa baridi. Akaushika mkono ule wenye grisi, akaubakiza pale.

Majibu ya kipimo yalirudi safi. Timu ndogo ilimpeleka Chupa kwenye mbio zake za kwanza mwezi uliofuata, akamaliza wa arobaini na tatu, nahodha wake wa nne, na hakuna chupa iliyoanguka. Sasa kila miezi mitatu fomu hujazwa kwenye meza ya kupigia pasi, Mama akitaja tarehe na Chupa akiandika. Nakala ya Mama hubandikwa ukutani chini ya picha ya marehemu, mahali ambapo mtu anayenyoosha nguo anaweza kuisoma bila kugeuza shingo.